Deki ya Kaseti Kwanza: Vyombo vya Muziki vya Kale kati ya Kabatoro na Bwera

Shaba na fedha hazina amani na hewa ya Katwe. Ziwa la chumvi lililo chini ya mji wa Kabatoro limekaa ndani ya kreta isiyo na mto wa kutokea. Maji yaliyoingia humo hayana njia ya kuondoka ila kukaushwa na jua, na yanachoacha ni chumvi, magadi na tope linalotoa haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikiigusa fedha huifunika utando mweusi. Na fedha ndiyo waliyoipaka watengenezaji wa Japani na Ulaya kwenye swichi za amplifaya nyingi za miaka ya 1960 na 1970, na hata kwenye miguu ya transista, kwa kuwa hakuna madini yanayopitisha umeme vizuri kuliko fedha. Chombo kilichoundwa kwa sebule kavu ya Osaka au Eindhoven kikiwekwa kando ya ziwa hili huanza kukwaruza, kisha spika ya upande mmoja hunyamaza, na mwenyewe hudhani amplifaya imeungua kumbe ni swichi iliyovaa weusi.

Wenyeji hawahitaji kufundishwa nguvu ya maji yale. Kiwanda cha chumvi kilichojengwa Katwe kwa mitambo ya Kijerumani kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hakikudumu, kwa sababu chumvi iliyala mabomba yake. Magofu yake bado yanaonekana. Ikiwa mabomba yaliyopigiwa hesabu na wahandisi yaliliwa, waya mwembamba wa koili ya spika utasalimikaje bila mtu wa kuuangalia?

Swali la uchambuzi huu ni hilo: je, kuna maana yoyote kukusanya, kufufua na kutunza vyombo vya muziki vya kale katika pembe hii ya magharibi mwa Uganda, na kama ipo, kazi ianzie kwenye chombo gani? Najibu kwamba maana ipo, tena kubwa, ila mpangilio wa thamani uliozoeleka kwa wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani hautufai. Kule juu kabisa hukaa amplifaya ya vali na meza ya santuri ya Garrard 301 au Thorens TD 124. Kaseti huja mwisho, karibu na jalala. Hapa mpangilio huo unapaswa kupinduliwa.

Ili kuona sababu, tuangalie kwanza vyombo hivi vilifikaje. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi ule, uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Kanada ya Falconbridge, ulileta watu wa mshahara kutoka pande nyingi. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki ya wakati huo, baiskeli, cherehani na gramafoni au redio ndivyo vitu ambavyo mtu wa mshahara alivinunua kwanza ili aonekane ameendelea. Mgodi ulikuwa na umeme wake kutoka mitambo ya maji ya Mubuku, kwa hiyo nyumba za Kilembe ziliweza kuwa na rediogramu ya vali, lile kabati la mbao lenye redio upande mmoja na mashine ya santuri upande wa pili. Kwa wavuvi wa Ziwa Edward, wachimba chumvi wa Kabatoro na wakulima wa kahawa wa milima ya Bwera, umeme haukuwepo. Wao walikuwa watu wa gramafoni ya kukaza kwa mkono, kisha redio ya transista inayokula mawe ya betri.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mtu anayetafuta vyombo leo. Gramafoni ya springi, mfano wa HMV 102 iliyotolewa mwaka 1931, haina kapasita, haina vali, haina chochote cha kuungua. Inahitaji grisi kwenye springi, mpira mpya kwenye kichwa cha sauti, na sindano ya chuma inayobadilishwa kila unapogeuza santuri. Rediogramu nayo ni mzigo wa ukarabati kamili. Na redio ya transista iko katikati: rahisi kuifungua, lakini mara nyingi imeliwa na mawe yaliyoachwa ndani hadi yakavuja.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kwa notisi ya siku 90, na maduka mengi ya rejareja mijini yakabadilisha wenyewe au yakafungwa. Bidhaa za kawaida zikawa adimu. Mpaka wa Mpondwe ukachukua nafasi ya duka: kahawa ilivuka kwenda Zaire, yaani Kongo ya leo, kwa magendo na bidhaa zikarudi kwa njia hiyohiyo. Uhusiano wa pande mbili haukuwa mgeni, kwa maana Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni na Butembo ni ndugu wa lugha moja, waliogawanywa na mstari uliochorwa na wageni. Ndiyo maana historia ya muziki uliosikika huku haiwezi kuandikwa kutoka Kampala peke yake. Santuri za Kikuba ambazo HMV ilianza kuziuza Afrika mwaka 1933 katika mfululizo wa GV, kisha santuri za lebo za Ngoma kuanzia 1948 na Loningisa kuanzia 1950, zilijenga sikio la Kongo nzima na majirani wake. Samba Mapangala mwenyewe alipita mashariki ya Kongo akafika Kampala mwaka 1975 kabla ya kwenda Nairobi mwaka 1977 na baadaye kuunda Orchestra Virunga, bendi yenye jina la milima iliyo jirani nasi.

Sasa tuje kwenye kiini. Chombo cha muziki peke yake ni kabati. Thamani yake inatokana na kile kinachoweza kusomwa nacho. Ukiuliza ni sauti zipi za milima ya Rwenzori zilizohifadhiwa mbali na hapa, utapata orodha fupi lakini ya heshima. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alirekodi sehemu nyingi za nchi kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950. Hugh Tracey alirekodi Wanande mwaka 1952 alipopita ukingoni mwa msitu wa Ituri, na kazi yake iko katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Peter Cooke, aliyefundisha Uganda katika miaka ya 1960, alirekodi muziki wa Wakonzo, na mwaka 1982 yeye na Martin Doornbos walichapisha uchambuzi wa nyimbo za upinzani za Rwenzururu, vuguvugu la watu wa milima hii. Hizo ziko salama kwa kadiri kitu kinavyoweza kuwa salama, katika majengo yenye viyoyozi.

Santuri za Franco, mwanamuziki wa Kongo, nazo hazina hofu. Nakala zipo Kinshasa, Paris na Tokyo, na zimehamishiwa kwenye diski na intaneti mara nyingi.

Kisicho na nakala popote ni kaseti za majumbani. Philips ilitoa kaseti mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imemfanya kila mwenye redio-kaseti kuwa mtunza kumbukumbu. Harusi, mazishi, kwaya za parokia, hotuba za wazee, endara, marimba ya Wakonzo, ikipigwa uani, barua za sauti kwa ndugu aliye mbali: vyote viliingia kwenye kaseti, mara nyingi juu ya mahubiri au juu ya muziki wa dukani uliofutwa. Utepe huo ni unga wa chuma uliogandishwa kwenye plastiki, na unazeeka. Ndiyo maana nasema deki nzuri ya kaseti, iliyorudishwa kwenye hali yake, ina kazi kubwa zaidi Kasese kuliko amplifaya ya vali ambayo mgeni atatoa pesa nyingi kuipata.

Nasema deki nzuri, kwa kuwa deki mbaya ni adui. Tatizo lake la kwanza ni beliti. Mpira wa beliti za miaka ya 1970 na 1980 hugeuka uji mweusi kama lami, ukashika kila kinachougusa, na lazima usafishwe wote kwa spiriti kabla ya beliti mpya kuwekwa. La pili ni rola ya mpira inayobana utepe: ikishakuwa ngumu na kung'aa, utepe hutambaa kwenda pembeni na kuliwa. La tatu, ambalo mafundi wengi hulipuuza, ni pembe ya hedi. Hedi ina skrubu ndogo ya kuiinamisha, na kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake. Kaseti iliyorekodiwa kwa redio ya Kichina ya bei nafuu ikichezwa kwenye deki ya Nakamichi iliyopimwa kiwandani itasikika kama imefunikwa blanketi. Fundi anayejua kazi huigeuza skrubu hiyo kidogo kidogo kwa kila kaseti mpaka herufi za s na sh zijitokeze, kisha hurudisha. Ni kazi ya sikio na bisibisi, haihitaji kompyuta, na kijana wa Bwera anaweza kujifunza kwa muda mfupi.

Baada ya deki, mashine ya santuri. Hapa umeme unaingia katika hoja. Uganda hutumia volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyotoka Marekani ilitengenezewa volti 120 na mizunguko 60. Watu wengi wanajua kutafuta trafo ya kushusha volti, lakini trafo haibadilishi mizunguko. Kwenye mashine za kale ambazo kasi ya mota inafuata mizunguko ya umeme, santuri ya kasi ya 33⅓ itazunguka mara 27.8 tu kwa dakika, na Franco atasikika kama mtu aliyechoka sana. Dawa ni kubadilisha gurudumu dogo la mota, au kuchagua tangu mwanzo mashine ambayo mota yake haitegemei mizunguko hiyo, kama Technics SL-1200 ya mwaka 1972 na nyingine za namna yake.

Vyombo vya soko la ndani la Japani vina mtego wake. Hivi hutengenezewa volti 100, na ukivichomeka moja kwa moja ukutani hapa vitaungua kabla hujasikia wimbo. Zaidi ya hapo, redio zake za FM za zamani huishia megahezi 90, jambo ambalo kila aliyenunua gari la mitumba kutoka Japani analijua vizuri. Mtu akikuuzia tyuna maridadi ya Kijapani Kasese, muulize kwanza ina masafa gani.

Sindano ya santuri si kitu cha kubahatisha pia. Mfereji wa santuri nzito za kasi ya 78 ni mpana: unahitaji sindano yenye ncha ya takriban maikromita 75, wakati ile ya santuri za plastiki ina kati ya 18 na 25. Ukitumia ndogo kwenye 78, inazama chini ya mfereji na kukusomea uchafu. Ukitumia kubwa kwenye LP, unaikwangua. Na kuna jambo moja ningependa liandikwe ukutani katika kila duka la fundi: santuri za 78 zimetengenezwa kwa gundi ya mdudu inayoitwa sheleki, na spiriti huiyeyusha. Spiriti inayosafisha LP vizuri itaua santuri ya 78 mbele ya macho yako. Maji safi yenye sabuni kidogo, kitambaa laini, basi, na karatasi ya katikati isilowe.

Amplifaya na redio za vali nazitaja za tatu katika mpangilio wangu, ingawa ndizo zinazovuta macho ya watu. Ni nzuri, sikatai. Mbao na taa yake ya rangi ya kahawia hupendeza sebule yoyote. Lakini ndani mna volti 250 au zaidi, na kapasita zinaweza kushikilia umeme huo hata waya ukiwa umechomolewa. Redio nyingine za zamani hazina trafo kabisa: vali zake zenye majina yanayoanza na herufi U zimeungwa mfululizo moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, na fremu ya chuma iliyo ndani inaweza kuwa na umeme wakati wote. Siku hizi watu hupenda kuunganisha simu kwenye redio ya babu kupitia tundu la gramafoni lililo nyuma. Kwenye redio yenye trafo, tundu hilo ni zawadi, kwa sababu unapata sauti bila kukata waya wowote wa asili. Kwenye redio isiyo na trafo, ni njia ya kuuawa.

Kwa sababu hiyo chombo kilicholala miaka mingi kisiwashwe kwa pupa. Mafundi wenye subira huunganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 mfululizo na chombo. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ndani kuna nafuu. Ikiwaka kwa ukali na kubaki hivyo, kuna mahali pameshikana, na balbu imeokoa trafo ambayo hakuna wa kukuuzia nyingine. Balbu za aina hiyo zinatoweka madukani. Anayeziona azihifadhi.

Wakusanyaji wa nchi za nje wamegawanyika kuhusu kapasita: wengine hubadilisha zote siku ya kwanza, wengine hubadilisha zilizokufa tu ili chombo kibaki cha asili. Mimi niko upande wa wanaobadilisha chache, ila kwa sababu nyingine na yao. Spea bandia zimejaa. Transista kama 2N3055 na 2SC5200 huigizwa kwa wingi duniani, na ya bandia huwa na kipande kidogo sana ndani kisichohimili joto. Kapasita mpya isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa mbovu kuliko ya zamani inayopimika kuwa nzima. Kupima kwanza, kubadilisha baadaye, na kuhifadhi kila kilichotolewa ndani ya bahasha iliyoandikwa: huo ndio utaratibu ninaouamini.

Spika zina ugonjwa wake. Ukingo wa sponji unaoshika koni ya karatasi huoza wenyewe, hata spika ikiwa haitumiki, na joto na unyevu huharakisha. Ukiubonyeza kwa kidole unabomoka. Wengi hapo hutupa spika nzima au hufunga koni nyingine isiyolingana, wakati ukingo mpya unaweza kubandikwa kwa gundi na subira ya mchana mmoja. Anayenunua kwa ajili ya Kabatoro achague spika zenye ukingo wa kitambaa au mpira, ambazo huishi miaka mingi zaidi.

Na ile hewa ya ziwa? Ipo namna ya kuishi nayo. Utando mweusi kwenye swichi usikwanguliwe kwa msasa, kwa sababu msasa huondoa fedha yenyewe. Dawa ya kusafishia migusano ya umeme inapulizwa kidogo, swichi inageuzwa mara nyingi, na kazi imekwisha. Mafuta ya kawaida ya kulainishia bawaba si dawa hiyo; huacha utando unaoshika vumbi la chumvi. Chombo kifunikwe kitambaa, kisikae dirisha linalotazama ziwa, na kiwashwe angalau kila wiki, maana joto lake hufukuza unyevu na kapasita hudumu zaidi zikipata umeme mara kwa mara. Hedi na sindano zinaweza kutunzwa kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Upande wa Kilembe adui ni mwingine. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabeba nyumba na kila kilichokuwemo. Utunzaji wowote unaoweka mkusanyiko wa familia nyingi katika chumba kimoja cha bondeni ni wa hatari, na hapa naona faida ya vyombo kubaki vimetawanyika majumbani, huku ujuzi ndio ukikusanywa.

Ujuzi huo unaweza kusimamisha biashara. Katika Soko la Kenyatta jijini Nairobi, Jimmy Rugami amekuwa na kibanda tangu 1989, akiuza santuri na kutengeneza mashine za kuzipigia, na watu humfuata kutoka mbali. Hakuanza kwa kuwa tajiri wa vyombo. Alianza kwa kujali kitu ambacho wengine walikuwa wakikitupa kaseti ilipoingia, kisha CD. Kasese haina wateja wa Nairobi, lakini ina barabara ya Mpondwe, Beni na Butembo nyuma yake, na watalii wa hifadhi ya Queen Elizabeth wanaopita Katwe kuangalia mashimo ya chumvi. Fundi mmoja mwenye deki mbili zilizotengenezwa vizuri, meza moja ya santuri na kompyuta ya kawaida anaweza kulipwa na familia kwa kuhamisha kaseti zao, na faida hiyo ikalipia rediogramu anayoipenda moyoni mwake.

Familia inayompelekea kaseti ikubali nakala ya pili iende Makerere, kwenye hifadhi ya sauti yenye jina la Wachsmann, ikiwa yaliyomo si siri ya nyumba. Na kabla ya kaseti kuchezwa, majina ya wanaosikika yaulizwe kwa wazee na kuandikwa, kwa sababu mashine itarudisha sauti bila kusema ni ya nani. Za C-120 zitangulie: utepe wake una unene wa karibu nusu ya ule wa C-60, hukatika na kujikunja kwa urahisi, kwa hiyo fundi abonyeze kitufe cha kurekodi kwenye kompyuta kabla ya kitufe cha kucheza kwenye deki, kwani huo unaweza kuwa mchezo wa mwisho wa kaseti hiyo.